Chembe sahani: zimetumika au zimetobolewa?

Majibu ya maabara yanarudi: chembe sahani, vipande vidogo vya damu vinavyosaidia kuigandisha, ni 62,000 kwa kila mikrolita ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000. Mgonjwa ana nimonia, homa haitaki kushuka, na bakteria wamekwisha kuvuka mapafu na kuingia kwenye damu. Kila aliye karibu na kitanda hicho anajua kwamba namba ile ni mbaya. Hesabu ya chembe sahani imo hata katika jedwali la SOFA, linalotumika kwa wagonjwa mahututi kupima namna sepsisi, yaani hali ya mwili kujidhuru wenyewe unapopambana na maambukizi, inavyoharibu viungo: zikishuka chini ya 150,000 mgonjwa anapewa alama 1, zikifika chini ya 20,000 anapewa 4, ambayo ndiyo ya juu kabisa.

Kinachobishaniwa ni maana ya namba yenyewe. Chembe hizo zimekwenda wapi?

Kuna wanaosema zimetumika. Sumu ya bakteria imeziamsha, zikashikana, zikajenga mabonge katika mishipa midogo ya mapafu, ini na figo, na kwa hiyo zenyewe zimekuwa sehemu ya ugonjwa. Kuna wanaosema zimetobolewa. Sumu imezipiga matundu, vilivyomo ndani vikamwagika, nazo zikafa kabla hazijafanya kazi yoyote. Ukiishika kauli ya kwanza utatafuta dawa ya kuzituliza chembe sahani. Ukiishika ya pili, dawa hiyo hiyo inamfunga mikono majeruhi anayejaribu kujitetea. Nami, baada ya kuufuatilia ubishi huu kwa muda, naamini umerefushwa na swali lililoulizwa kwa ujumla mno, kana kwamba sumu zote za bakteria ni sumu moja. Na kwa sumu ya pneumokokasi hasa, bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia, naona upande wa pili una hoja nzito kuliko tulivyozoea kusoma.

Chembe sahani si seli kamili. Ni vipande vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho ziitwazo megakaryositi. Hazina kiini, upana wake ni mikromita 2 hadi 3, na maisha yake ni siku 7 hadi 10, kwa hiyo mwili unalazimika kutengeneza kiasi cha bilioni 100 kila siku ili hesabu isipungue. Giulio Bizzozero, akifanya kazi Turin, alizieleza mwaka 1882 na kuonyesha kuwa ndizo zinazokimbilia mshipa uliojeruhiwa na kuuziba. Kazi hiyo ya ufundi wa kuziba ndiyo iliyobaki vichwani mwa wengi, ingawa dalili za kazi nyingine zilikuwapo mapema: mwaka 1901 Constantin Levaditi aliona chembe sahani za sungura zikikusanyika kuwazunguka bakteria wa kipindupindu. Leo inajulikana kuwa zimebeba ndani yake protini zinazoua bakteria, zina vipokezi vya kuwatambua, na katika ini husaidiana na seli mla zinazowakamata wavamizi. Ni askari, tena askari wengi sana.

Ukiushika mfuko wa chembe sahani zilizotolewa na mchangiaji na kuutikisa polepole mbele ya taa, utaona ndani yake kitu kama moshi mwepesi unaozunguka na kumetameta. Ni sahani ndogo ndogo zinazogeuka pamoja na kuakisi mwanga. Zikipoteza umbo lao la sahani, mmetameto unakoma. Lakini mfuko uliofifia haukuambii kwa nini umefifia. Huenda chembe zimeamka na kuota vijimkono, huenda zimekufa. Jicho haliwezi kutofautisha, na kama nitakavyoeleza, kuna wakati hata mashine imeshindwa.

Nianze na upande wa wanaosema zimeamshwa, kwa sababu ushahidi wao ni wa kweli na ni wa miaka mingi. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, au stafilokokasi, hutoa sumu inayojulikana kama sumu alfa. Molekuli zake saba hukutana juu ya utando wa seli, zikajipanga duara na kushindilia bomba jembamba katikati. Tundu lake ni la nanomita 1 hadi 3 tu. Haliruhusu protini kupita, ila linaruhusu kalsiamu, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Ndani ya seli iliyotulia kalsiamu huwa pungufu mara 10,000 hivi kuliko nje, kwa kuwa kalsiamu ndiyo ishara ya kuiambia chembe sahani iamke. Tundu likifunguka, ishara inaingia bila kutumwa na mtu. Mwaka 1988 Sucharit Bhakdi na wenzake walionyesha kuwa sumu hii huharakisha kuganda kwa damu kwa kuzishambulia chembe sahani za binadamu. Baadaye, mwaka 2010, ikagundulika kwamba sumu hujishikiza kwenye kimeng'enya cha utandoni kiitwacho ADAM10, na panya waliotumika kuchunguza sepsisi wakaonekana kuwa na mabonge madogo ya chembe sahani yaliyoziba mishipa ya ini na mapafu.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Katika gangrini ya gesi, inayoletwa na Clostridium perfringens, sumu kuu ni kimeng'enya kinachokata mafuta ya utando wa seli. Daktari anayefungua jeraha la namna hiyo hukuta misuli imekufa, na ukiitazama kwa hadubini, chembe nyeupe zinazotarajiwa kujaa penye maambukizi hazipo. Zimekwama njiani. Sumu imezigandisha chembe sahani pamoja na neutrofili, aina ya chembe nyeupe, mafundo yakaziba mishipa, na misuli ikanyimwa damu. Bakteria huyu hustawi pasipo na oksijeni, kwa hiyo kuziba mishipa ni kujiandalia makao. Hapa siwezi kusema chembe sahani ni majeruhi tu. Zimegeuzwa kuwa matofali ya ukuta wa adui.

Na kuna ugonjwa wa figo unaofuata kuhara damu kwa sababu ya E. coli anayetoa sumu ya Shiga. Dalili zake tatu huenda pamoja: chembe sahani kupungua, chembe nyekundu kukatikakatika, na figo kushindwa kazi. Mwaka 1983 Mohamed Karmali na wenzake nchini Kanada waliuhusisha ugonjwa huo na sumu hiyo, na mwaka 2011 mlipuko wa Ujerumani, uliotokana na chipukizi za mbegu zilizoliwa mbichi, uliwapata watu zaidi ya 3,800, zaidi ya 800 kati yao wakaingia kwenye hali hii ya figo, na zaidi ya 50 wakafariki. Sumu ya Shiga huzipiga hasa seli zinazotandika ndani ya mishipa, kwa kuzizuia kutengeneza protini. Sakafu laini ikigeuka kuwa yenye kunata, chembe sahani zinazopita hunasa hapo na kuisha. Neno "zimetumika" linafaa hapa kuliko mahali pengine popote, na ndiyo sababu madaktari wengi huepuka kumwongezea mgonjwa wa namna hii chembe sahani isipokuwa anatokwa damu sana au anahitaji upasuaji. Wanahofia kutia kuni motoni.

Mpaka hapa upande wa kwanza unaonekana umeshinda. Tatizo ni kwamba picha hii ilihamishwa na kubandikwa kwenye pneumolisini, sumu ya pneumokokasi, na huko haikai vizuri.

Pneumolisini ni ya aina nyingine kabisa. Hushika kolesteroli iliyo kwenye utando, kisha molekuli 30 hadi 50 hujipanga duara kubwa na kutoboa. Tundu lake hufika nanomita 25 au zaidi. Liweke kando ya lile la sumu alfa, uone tofauti: moja ni tundu la sindano, jingine ni mlango. Vipimo vya maabara vilipofanywa, watafiti waliona chembe sahani zilizokutanishwa na pneumolisini zikionyesha alama ya kuamka, protini iitwayo P-selektini, na wakaandika kuwa sumu hii huziamsha. Hitimisho hilo lilikuwa na mantiki. Chembe sahani iliyotulia huificha P-selektini ndani, kwenye vifuko vyake. Ikiamka, vifuko hufunguka na P-selektini hutokea nje. Mpimaji huongeza kingamwili yenye rangi inayong'aa, ambayo hushika P-selektini, kisha hupitisha chembe moja moja mbele ya mwale wa leza. Inayong'aa imeamka, isiyong'aa imelala.

Kipimo kizima kimesimama juu ya dhana moja: kwamba kingamwili haiwezi kuingia ndani. Kingamwili ina upana wa nanomita 10 hadi 15. Mbele ya tundu la sumu alfa inabaki nje. Mbele ya tundu la pneumolisini inapita kama mgeni aliyekuta mlango wazi, inaikuta P-selektini palepale ilipofichwa, na inaishika. Leza inaona mng'ao na mashine inahesabu chembe iliyoamka, ilhali iliyo mbele yake ni maiti yenye mlango wazi.

Mwaka 2020 watafiti wa Greifswald, Ujerumani, walichapisha kazi iliyolisema jambo hili waziwazi: pneumolisini haiamshi chembe sahani, inaziharibu. Chembe zilizong'aa hazikuitikia zilipochokozwa na vichocheo vya kawaida. Seli iliyoamka hufungua kishikio chake cha fibrinojeni, protini ya damu inayoziunganisha chembe, ili ishikane na jirani, lakini hizi hazikuwa na uwezo huo. Nakumbuka nilivyolazimika kurudi kusoma upya makala nilizokuwa nimeziamini. Hakuna aliyedanganya. Kifaa kilijibu swali kililoulizwa, ila swali halikuwa lile tulilodhani.

Udhaifu wa namna hiyo haupo kwenye leza peke yake. Kipimo cha zamani zaidi cha chembe sahani, alichokianzisha Gustav Born mwaka 1962, hupitisha mwanga kwenye kichupa chenye chembe zilizotawanyika. Mwanzoni maji ni ukungu na mwanga hupita kidogo. Chembe zikishikana na kuwa mafundo, ukungu hupungua, mwanga huongezeka, mstari kwenye karatasi hupanda. Lakini chembe zikipasuka, ukungu pia hupungua na mstari pia hupanda. Anayetarajia kuona kushikana ataona kushikana.

Upande wa kwanza wa ubishi haupaswi kupuuzwa hata hapa. Majaribio mengi ya kichupa hutumia chembe sahani zilizosafishwa, bila plazima, yaani majimaji ya damu. Katika damu ya mtu sumu hukutana na kolesteroli inayoinasa na kingamwili alizonazo tangu alipokutana na pneumokokasi utotoni, kwa hiyo kiasi kinachozifikia chembe sahani huenda ni kidogo kuliko cha maabara. Kiasi kidogo kinaweza kutoboa matundu machache, yakaingiza kalsiamu bila kuiua chembe mara moja, na kalsiamu, kama tulivyoona, ni ishara ya kuamka. Tena chembe iliyopasuka haitoweki kimyakimya. Inamwaga vilivyokuwa ndani yake, na vitu hivyo huwaamsha majirani na kuuchochea uvimbe. Kwa hiyo kusema "zimekufa" hakumaanishi kwamba hakuna kinachoganda. Hoja hizi nazikubali. Hazibadilishi jambo la msingi: chembe nyingi zilizohesabiwa kuwa zimeamka hazikuwa hai kuamka.

Sumu alfa yenyewe, ukiitazama kwa saa badala ya dakika, inavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kundi hilo hilo la Greifswald lilionyesha mwaka 2022 kuwa inaanza kwa kuamsha, kisha chembe zinadhoofika na uwezo wa kujenga bonge unaharibika. Aliyepima mapema ataandika "imeamsha", aliyechelewa ataandika "imeua", na wote wawili watakuwa wameona kweli.

Ubishi huu una uzito kwa sababu ya dawa. Makadirio ya dunia ya mwaka 2017 yalikuwa watu milioni 48.9 waliopata sepsisi na vifo milioni 11. Dawa za kutuliza chembe sahani ni rahisi, zimezoeleka na zipo kila mahali. Aspirini ndiyo iliyopewa matumaini makubwa. Jaribio la LIPS-A lililochapishwa mwaka 2016 liliwapa aspirini watu waliokuwa hatarini kushindwa kupumua, na halikuwakinga. Jaribio la ASPREE, lililofuata wazee zaidi ya 16,000 wenye afya, liliangalia pia vifo vinavyohusiana na sepsisi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba miligramu 100 za aspirini kwa siku zilivipunguza. Mtu anaweza kusema aspirini ni dhaifu mno, au ilitolewa kwa watu wasiofaa. Pengine. Lakini kama chembe sahani zinatobolewa, hakuna sababu ya kutarajia aspirini isaidie. Aspirini huziba njia moja ya ishara ndani ya chembe iliyo hai, haizibi tundu.

Tikagrelori inaleta ugumu mzuri zaidi. Nayo ni dawa ya kutuliza chembe sahani, na katika jaribio la PLATO la mwaka 2009, lililohusu wagonjwa 18,624 wa moyo, uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa waliopewa tikagrelori walikufa kwa sepsisi mara chache kuliko waliopewa klopidogreli, dawa nyingine ya kutuliza chembe sahani. Mtetezi wa kauli ya kwanza ataona ushindi. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walieleza njia nyingine kabisa. Walionyesha kwamba sumu alfa husababisha chembe sahani kunyang'anywa sukari ziitwazo asidi sialiki zilizopamba uso wake, na chembe isiyo na mapambo hayo hutambuliwa na kipokezi cha ini na kuondolewa kana kwamba imezeeka. Kwa panya, tikagrelori ilizuia madhara hayo, hesabu ya chembe sahani ikabaki juu, na chembe hizo zikaendelea kuua stafilokokasi. Dawa inayoitwa ya kuzuia chembe sahani ilisaidia kwa kuziweka hai. Kwangu huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mgawanyo wa mhalifu na majeruhi umechorwa vibaya.

Upande wa wanaotaka kulenga sumu moja kwa moja nao hauna ushindi wa kujivunia. Suvratoksumabu, kingamwili iliyotengenezwa kuishika sumu alfa, ilijaribiwa kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Katika matokeo ya mwaka 2021, nimonia ya stafilokokasi iliwapata asilimia 18 hivi ya waliopewa dawa na asilimia 26 ya waliopewa dawa bandia ya kulinganishia, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha. Kwa pneumolisini, kingamwili mchanganyiko kutoka kwa wachangiaji wengi ziliweza kuzilinda chembe sahani katika maabara ya Greifswald. Maabara si wodi.

Kuna njia ya tatu inayosahauliwa kwa kuwa haina jina jipya. Pneumokokasi hana njia ya kawaida ya kuitoa pneumolisini nje. Kwa sehemu kubwa hutoka bakteria anapopasuka. Dawa za jamii ya penisilini humuua kwa kuubomoa ukuta wake, na hivyo huweza kuiachilia sumu yote kwa pamoja. Dawa zinazozuia utengenezaji wa protini, kama klindamisini, hupunguza sumu mpya kutengenezwa, na tayari hutumika pamoja na penisilini katika maambukizi makali ya sumu kama gangrini ya gesi. Hapa hatuhitaji kwanza kuamua kama chembe sahani ni wema au wabaya.

Na kuziongeza? Kama zimeuawa, fikra ya kwanza ni kuzirudishia. Jaribio la PlaNeT-2 la mwaka 2019 liliwagawa watoto njiti 660 wenye chembe sahani chache sana: kundi moja likaongezewa zikishuka chini ya 50,000, jingine zikishuka chini ya 25,000. Waliokufa au kutokwa damu nyingi walikuwa asilimia 26 katika kundi lililoongezewa mapema, na asilimia 19 katika lile lililosubiri. Chembe ngeni zilizomwagwa katika mwili wenye uvimbe hazikuwa msaada mtupu. Hata hivyo hatuwezi kuziacha ziishe: katika panya, zikipungua sana, mishipa ya mahali penye uvimbe huvuja damu hata bila jeraha, na mapafu yenye nimonia ni mahali hapo hapo.

Kwa hiyo namba 62,000 aliyoletewa daktari haitoshi kuamulia dawa ya kutuliza chembe sahani, na kwa mgonjwa mwenye pneumokokasi mimi nisingeianza nje ya jaribio la kitabibu. Kabla jaribio lijalo la dawa za namna hiyo halijawachanganya wagonjwa wa stafilokokasi, wa pneumokokasi na wa E. coli katika kapu moja liitwalo sepsisi, ningeomba vitu viwili. Kila kundi la bakteria lichambuliwe peke yake, kwa ukubwa wa tundu la sumu yake. Na chembe sahani za kila mgonjwa zikipimwa P-selektini, zichokozwe pia kwa kichocheo, zionekane kama zinajibu.